Mashine Moja, Kazi Mbili: Historia ya Uteuzi wa Kompyuta Mpakato kwa Michezo na Uhariri wa Video Nyumbani, 1981–2023

Utangulizi

Mnunuzi anayetafuta kompyuta mpakato ya kuchezea michezo na kuhariria video za nyumbani hukutana dukani na maandishi mengi: jina la kichakataji, jina la chipu ya michoro, ukubwa wa kumbukumbu na ukubwa wa diski. Maandishi hayo huonekana kuwa ni vipimo, na kwa sababu hiyo huaminiwa. Hata hivyo, kila neno miongoni mwake lina historia yake, na baadhi ya maneno hayo yamebaki yaleyale huku maana zake zikibadilika. Anayeyasoma bila kuijua historia hiyo anaweza kulipa bei ya mashine moja na kuondoka na uwezo wa mashine nyingine. Kwa familia inayonunua kompyuta mara moja katika miaka mingi, kosa hilo si dogo.

Insha hii inafuatilia namna mchezo wa kompyuta na uhariri wa video ulivyoingia katika kompyuta mpakato kwa njia mbili tofauti, kazi hizo zikakutana katika chipu moja, kisha zikaanza tena kuachana. Hoja kuu ni kwamba kipimo halisi cha kompyuta mpakato ni kiasi cha nguvu ya umeme ambacho umbo lake linaweza kukipokea na kukitoa nje kama joto, na si jina la sehemu zilizomo ndani yake. Aidha, inaoneshwa kuwa kazi hizi mbili hutumia sehemu zilezile, lakini hazizitumii kwa namna moja.

Kubebeka na tatizo la joto

Kompyuta ya Osborne 1, iliyoingia sokoni mwaka 1981 kwa dola 1,795 za Marekani, ndiyo kompyuta ya kubebeka ya mwanzo kupata wanunuzi wengi. Ilikuwa na uzito wa takribani kilo 11, skrini ya inchi 5 na haikuwa na betri. Mwaka uliofuata ilitolewa GRiD Compass, ambayo skrini yake ilifunikia kibodi kama jalada la kitabu. Umbo hilo ndilo lililorithiwa na kompyuta mpakato za leo, ingawa bei yake ya zaidi ya dola 8,000 iliiweka mbali na mtu wa kawaida. Mwaka 1991, PowerBook za Apple zilisogeza kibodi nyuma na kuacha nafasi ya kupumzishia viganja. Katika hatua zote hizi lililotafutwa lilikuwa wepesi wa kubeba. Mchezo mzito na video havikuwa sehemu ya mjadala.

Tatizo la joto lilijitokeza waziwazi vichakataji vya kompyuta za mezani vilipolazimishwa kuingia katika kasha jembamba. Pentium 4 ilijengwa kwa kukimbiza idadi ya gigahezi, na katika kompyuta mpakato idadi hiyo ilimaliza betri na kupandisha joto. Mwaka 2003 kampuni ya Intel ilitoa Pentium M, iliyosanifiwa na wahandisi wake wa Haifa, Israel. Pentium M ya gigahezi 1.6 iliweza kuikaribia, na katika kazi nyingine kuipita, Pentium 4 ya mpakato ya gigahezi 2.4, kwa kuwa ilifanya kazi zaidi katika kila pigo la saa yake. Hapo ndipo namba kubwa iliyobandikwa juu ya mashine ilipopoteza maana kwa mara ya kwanza. Haikuwa mara ya mwisho.

Mchezo na chipu ya michoro

Njia ya mchezo ilianzia katika kompyuta ya mezani. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo, iliyochukua kazi ya kuchora maumbo ya pande tatu kutoka kwa kichakataji kikuu. Mwaka 1999 NVIDIA ilitoa GeForce 256, na mwaka 2000 ikatangaza GeForce2 Go kwa ajili ya kompyuta mpakato.

Sababu ya kuhitajika kwa chipu ya pekee inatokana na tabia ya mchezo wenyewe. Picha za mchezo hazijaandaliwa kabla. Kila fremu huchorwa upya kulingana na kile mchezaji alichofanya punde. Kwa fremu 60 kwa sekunde, mashine ina milisekunde zisizofika 17 kumaliza kila moja, nayo hurudia hivyo kwa saa nzima. Mchezo, kwa hiyo, hautafuti kasi ya dakika mbili za mwanzo. Hutafuta kasi isiyoshuka baada ya chuma kupata moto.

Gharama ya kupuuza jambo hilo iliandikwa katika hesabu za kampuni. Mwezi Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kugharimia kasoro za baadhi ya chipu zake za michoro za kompyuta mpakato. Kasoro hizo zilihusishwa na malighafi zilizotumika kuifungasha chipu pamoja na mazingira ya joto ndani ya mashine. Kuwaka na kuzimwa, kupata moto na kupoa, kulizidhoofisha chipu hizo hadi zikaacha kufanya kazi.

Video ya nyumbani na uhaba wa nafasi

Uhariri wa video ulipita njia nyingine. Mwaka 1995 ulianza mfumo wa DV, uliorekodi picha kidijitali katika kaseti ndogo kwa kiwango cha megabiti 25 kwa sekunde. Oktoba 1999 Apple ilitoa iMac DV pamoja na programu ya iMovie. Mwaka 2000 Microsoft ikaweka Movie Maker ndani ya Windows Me. Kazi iliyokuwa ya studio iliingia sebuleni.

Adui wa mhariri huyu mpya hakuwa joto bali nafasi. Saa moja ya DV ilihitaji takribani gigabaiti 13, ilhali iMac DV ya kawaida iliuzwa ikiwa na diski ya gigabaiti 10. Mashine iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo haikuweza kubeba kaseti moja ya saa nzima.

Uhaba huo haukwisha upesi, na Afrika Mashariki una ushahidi unaojulikana. Katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, mtengenezaji filamu Isaac Nabwana alihariri filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe. Nakala yake ya asili ilifutwa ili diski ipate nafasi ya filamu iliyofuata. Toleo linalotazamwa duniani leo ni lile lililobaki likiwa na sauti ya msimulizi, VJ Emmie, juu yake. Filamu ilipata umaarufu wa kimataifa, lakini filamu kama ilivyotoka mikononi mwa mhariri haipo tena.

Mbinu mpya za kubana video zilipunguza tatizo la nafasi na kuleta jingine. Katika H.264, iliyosanifishwa mwaka 2003, fremu nyingi hazihifadhiwi kamili. Huelezwa kwa tofauti zake na fremu nyingine. Faili huwa dogo, lakini mhariri anayetaka kukata katikati huilazimisha mashine kuzijenga upya fremu za jirani kabla ya kumwonesha moja. Mzigo ulihama kutoka kwenye diski kwenda kwenye kichakataji.

Kukutana na kuachana

Njia hizi mbili zilikutana pale chipu ya michoro ilipofundishwa kukokotoa mambo yasiyo michoro. NVIDIA ilitangaza mfumo wa CUDA mwaka 2006, na mwaka 2010 programu ya Adobe Premiere Pro CS5 ikautumia kuharakisha athari za picha na marekebisho ya rangi. Chipu iliyonunuliwa kwa ajili ya mchezo ikawa chombo cha mhariri. Ushauri unaosikika hadi leo, kwamba anayetaka kuhariri video anunue kompyuta ya mchezo, una mizizi yake katika kipindi hicho.

Ushauri huo ulianza kupoteza sehemu ya ukweli wake mapema sana. Mwaka 2011 Intel iliweka Quick Sync ndani ya vichakataji vyake: sehemu ndogo ya chipu inayofungua na kubana video tu. Mwaka 2012 NVIDIA ikaweka sehemu kama hiyo, NVENC, katika chipu zake. Tangu hapo, kufungua video za simu na kuhifadhi kazi iliyokamilika kunaweza kufanywa haraka na mashine isiyo na chipu kubwa ya michoro. Mwaka 2020 chipu ya M1 ya Apple iliudhihirisha ukweli huo: MacBook Air isiyo na feni ilihariri video za kawaida bila shida. Hata hivyo, michezo mingi imeandikwa kwa ajili ya Windows na DirectX, na haiendeshwi moja kwa moja katika mashine hiyo. Mashine iliyomtosha mhariri haikumtosha mchezaji.

Jina moja, wati tofauti

Kwa anayehitaji kazi zote mbili, mkanganyiko mkubwa zaidi ulikuja kupitia majina. Mwaka 2016 NVIDIA iliondoa herufi M iliyotofautisha chipu za mpakato na za mezani. Mwaka 2017 ilianzisha Max-Q, mpango wa kupunguza wati ili chipu kubwa iingie katika kasha jembamba. Kufikia mwaka 2021, jina la RTX 3060 la mpakato lilihusu chipu inayoweza kuwekewa kikomo cha popote kati ya wati 60 na 115. Mashine mbili zenye kibandiko kimoja zikawa na uwezo usiolingana, na mashine ya jina la chini yenye wati nyingi ikaweza kuikaribia au kuipita ya jina la juu iliyobanwa. Mwaka huohuo NVIDIA iliwataka watengenezaji wachapishe kiwango cha wati cha kila mashine.

Mfano wa mwaka 2023 unaonesha umbali uliofikiwa. RTX 4090 ya mezani ina viini 16,384, kumbukumbu ya gigabaiti 24 na kikomo cha wati 450. RTX 4090 ya mpakato ina viini 9,728, gigabaiti 16 na wati zisizozidi 150 au zaidi yake kidogo. Namba ya jina ni ileile, chipu ni nyingine.

Mafunzo ya historia kwa uteuzi

Kutokana na historia hii, mpangilio wa maswali ya mnunuzi unapaswa kugeuzwa. Swali la kwanza ni programu na michezo itakayotumika, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama mashine ya Windows ni ya lazima. Programu ya DaVinci Resolve, kwa mfano, huitegemea sana chipu ya michoro, ilhali ukataji mwepesi wa video za simu hutegemea zaidi sehemu ya kubana na kufungua video.

Swali la pili ni wati za chipu ya michoro na uwezo wa feni na matundu ya kutolea joto. Swali la tatu ni nafasi: kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 16 ni msingi wa busara kwa kazi zote mbili, na ni muhimu kujua kama inaweza kuongezwa, kwani katika mashine nyingi jembamba imechomelewa kwenye bodi. Mashine inayokubali diski ya pili ya SSD humwepusha mhariri na uamuzi wa kufuta kazi ya jana ili afanye ya leo.

Swali la nne ni skrini, na hapa kazi hizi mbili hutofautiana kabisa. Mchezaji hutafuta hezi 144 au zaidi. Mhariri hutafuta usahihi wa rangi. Kompyuta nyingi za mchezo za bei ya chini zina skrini ya kasi inayoonesha takribani theluthi mbili tu ya rangi za kipimo cha sRGB. Anayehariri video ya arusi kwa skrini hiyo ataongeza rangi ili kufidia upungufu wa kioo chake, na wenye arusi watajiona wamewiva kupita kiasi katika runinga yao.

La mwisho ni betri. Abiria wa ndege haruhusiwi kwa kawaida kubeba betri inayozidi wati-saa 100 bila idhini ya shirika, na watengenezaji wengi husimama chini ya kikomo hicho. Chipu ya wati 150 peke yake ingeimaliza betri hiyo katika dakika zisizofika 40, na ndiyo maana mashine hizi hupunguza nguvu zinapochomolewa kwenye umeme. Penye umeme wa kukatika mara kwa mara, mchezo utasubiri umeme urudi. Uhariri mwepesi unaweza kuendelea.

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa inaonesha kuwa vibandiko vya kompyuta mpakato vimepoteza maana kila mara teknolojia ilipogonga ukuta wa joto: kwanza gigahezi, kisha majina ya chipu za michoro. Mchezo na uhariri vilikutana katika mashine moja kwa sababu ya mazingira ya mwaka 2010, na sehemu ya mazingira hayo imekwisha kubadilika. Kompyuta moja bado inaweza kuzifanya kazi zote mbili, ila kwa mnunuzi anayejua ni ipi kati ya hizo atakayoipa kipaumbele, na anayeuliza wati kabla ya kuuliza jina.