Jembe la Siku ya Tatu: Nani Amelipia Mafunzo ya Ufundi Hapa Kwetu?



Kamati ya Kitabu cha Mwaka imeniomba niandike kurasa chache juu ya historia ya mafunzo ya ufundi wa viwandani kwa watu wazima katika mji wetu wa Columbia Heights na miji ya jirani. Nimekubali kwa furaha, kwani jambo lenyewe limetugawa mwaka huu. Mnakumbuka mjadala wa mkutano mkuu: je, mfuko wetu wa kufa na kuzikana utoe pesa za kuwasomesha wazazi wanaotaka kuacha kazi za maghalani wakajifunze kukereza vyuma na kuchomelea? Wako waliosema ndiyo, wako waliosema hapana. Lakini katika maneno yote yaliyosemwa siku ile, hakuna aliyeuliza kama kazi hiyo tayari ina mlipaji.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaipenda kwa kuwa inamhimiza mgeni afanye kazi. Hata hivyo, tukiisikiliza vizuri, inasema pia kwamba jembe hutolewa na mwenyeji. Basi nataka tutazame jembe hilo hapa ugenini limenunuliwa kwa fedha za nani, na nani aliyeamua lipewe nani.

Mji wa watu wa karakana

Columbia Heights ilipata hadhi ya kijiji mwaka 1898 na ikawa mji kamili mwaka 1921. Thomas Lowry, tajiri wa tramu za Minneapolis, alikuwa miongoni mwa waliouza viwanja hapa. Walionunua hawakuwa mabwana wakubwa. Kusini yetu, katika mitaa ya Northeast Minneapolis, walikaa Wapolandi, Waslovaki na Waukraine waliokuja kufanya kazi katika viwanda, maghala ya nafaka na karakana za reli ya Soo Line pale Shoreham. Watoto wao walipopata nafasi walipanda kilima wakajenga huku kwetu. Kwa hiyo, mji huu tangu mwanzo ni mji wa wageni waliokula kwa mikono yao, na sisi ni kundi lililochelewa kufika tu.

Magharibi yetu, katika mji wa Fridley, kampuni ya Northern Pump ilijenga wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda kikubwa cha mizinga ya manowari, kikaajiri maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1949, katika gereji moja ya Northeast Minneapolis, Earl Bakken na shemeji yake Palmer Hermundslie walianza kazi ya kutengeneza vyombo vya hospitali vilivyoharibika. Mwaka 1957 Bakken aliunda kifaa kidogo cha betri cha kuendesha mapigo ya moyo, na gereji ile ndiyo ikawa kampuni ya Medtronic ambayo ofisi zake twaziona Fridley. Nawataja hawa kwa sababu wako kati yetu wanaodhani kwamba fundi wa kukarabati ni mtu aliyeshindwa na masomo.

Fedha zilivyopita

Mlipaji wa kwanza alikuwa tajiri. William Hood Dunwoody, mfanyabiashara wa unga wa ngano, alifariki mwaka 1914 akaacha katika wasia wake mamilioni ya dola ili vijana wa Minneapolis na wa jimbo zima wafundishwe ufundi, bila kubaguliwa kwa rangi wala dini. Chuo cha Dunwoody kilifungua milango mwaka huo huo.

Mlipaji wa pili alikuwa serikali. Sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917 ilitoa fedha za Washington kwa ajili ya mishahara ya walimu wa ufundi, kwa sharti kwamba kila dola moja ya Washington ikutane na dola moja ya jimbo au ya wilaya ya shule. Tangu hapo mwenye nyumba wa kawaida akawa mshiriki katika jambo hili kwa njia ya kodi yake ya majengo.

Mwaka 1945 jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya kuruhusu shule za ufundi za maeneo, na ya kwanza ilifunguliwa Mankato mwaka 1947. Shule hizo ziliendeshwa na bodi za wilaya za shule, watu waliochaguliwa na majirani zao. Huku kwetu kaskazini, wilaya ya shule ya Anoka-Hennepin ilianzisha chuo chake cha ufundi mwaka 1967, na mwaka 1972 chuo cha Hennepin kikafunguliwa na wilaya nambari 287. Mzazi aliyetaka kujua kwa nini hakuna darasa la usiku la mashine za kukereza aliweza kwenda kwenye mkutano wa bodi, akasimama, akauliza, naye mjumbe wa bodi akamjibu akijua kwamba atahitaji kura yake.

Mpango huo uliisha. Mwaka 1991 bunge la jimbo liliamua kuviunganisha vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vya jimbo, na tarehe 1 Julai 1995 vikaingia chini ya bodi moja ya jimbo zima. Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya. Cheti cha Anoka kiliweza sasa kumsaidia mtu kuendelea na masomo mahali pengine. Lakini uamuzi wa darasa lipi lifunguliwe uliondoka mtaani. Wengi wetu tulifika wakati mlango ule umekwisha kuhamishwa, ndiyo maana hatuuoni.

Posho iliyopotea

Sambamba na vyuo kulikuwa na mkondo mwingine wa fedha, nao ndio hasa unaotuhusu sisi watu wazima. Mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kuwafunza upya wafanyakazi waliopoteza kazi kwa ajili ya mashine mpya. Mwanafunzi alilipiwa ada, na juu yake alipewa posho ya kulisha nyumba yake. Mwishoni mwa 1973 ikaja sheria ya CETA, ambayo ilikabidhi fedha hizo kwa serikali za mitaa. Miji na kaunti zenye watu 100,000 na zaidi zilipokea fungu lao na kupanga zenyewe. Posho iliendelea.

CETA iliandamwa na lawama za matumizi mabaya, na mwaka 1982 ikaondolewa. Sheria iliyoifuata, ya JTPA, iliwapa wenye viwanda sauti kubwa katika mabaraza ya mafunzo, jambo lililokuwa na faida yake, maana mwenye kiwanda anajua mashine gani anaagiza. Lakini ilibana posho hata ikakaribia kwisha. Sheria ya mwaka 1998 na ile ya 2014 zilibadili mambo mengi, ila hapo hazikurudi nyuma. Ada hulipwa, tumbo la mwanafunzi na la watoto wake ni juu yake mwenyewe.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kiini cha historia yote. Mtu wa 1965 aliyeachishwa kazi aliweza kukaa darasani miezi kadhaa huku watoto wanakula. Mtu wa leo, anayefunga maboksi usiku na kumwogesha mzee wa watu mchana, anaambiwa mafunzo ni bure. Ni bure kweli, lakini saa zake si za bure.

Jimbo nalo limefanya sehemu yake. Mwaka 1983 liliunda mpango wa ushirikiano wa stadi za kazi, ambao hutoa ruzuku pale chuo na kiwanda wanapokubaliana kufunza watu. Kwa njia hiyo, mwaka 2005 ulianza mpango wa M-Powered, uliowakutanisha shirika la HIRED, chuo cha ufundi cha Hennepin na wenye viwanda vya vyuma, ikiwamo E.J. Ajax ya Fridley, mwendo mfupi kutoka kwetu. Kisha mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya North Star Promise, iliyoanza kutumika muhula wa vuli wa 2024: mkazi wa Minnesota ambaye pato la nyumba yake halifiki dola 80,000 kwa mwaka husoma bila ada katika vyuo vya umma. Angalizo moja: aliyekwisha pata digrii ya kwanza hahesabiwi. Wenye digrii za Nairobi na Dar es Salaam walioko maghalani walijue hilo kabla hawajajaza fomu.

Chuki tuliyokuja nayo

Nisiwalaumu wenyeji peke yao. Sisi wenyewe tumekuja na mzigo. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, akiwamo ndani yake Dk. Aggrey wa Gold Coast, ikapendekeza elimu ya Mwafrika ielekee kilimo na kazi za mikono. Mwaka huo huo serikali ya Kenya ilianzisha kituo cha kufunza mafundi pale Kabete. Wazee wetu waliona kwamba mtoto wa Mzungu hafundishwi randa na tindo, wakafahamu maana yake. Wakachanga pesa kujenga shule za kalamu. Hasira yao ilikuwa ya haki, ila tumeirithi bila kuuliza kama sababu yake ingalipo.

Baada ya uhuru nchi zetu zilijaribu kuisahihisha. Kenya ilianza vyuo vya ufundi vya vijijini miaka ya 1960, baada ya Baraza la Makanisa kuuliza mwaka 1966 watoto wanaomaliza shule za msingi watakwenda wapi. Tanzania ilianzisha mwaka 1975 vyuo vya maendeleo ya wananchi, zaidi ya 50, kwa msaada wa Sweden, na watu wazima walikaribishwa. Jambo la ajabu ni kwamba Kenya imekwenda kinyume na Minnesota. Hapa vyuo viliondolewa mtaani vikapelekwa jimboni. Kule Katiba ya 2010 ilivitoa vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali kuu ikavikabidhi kwa kaunti. Tangu hapo kaunti zimejenga, nyingine zimezembea, na mwananchi anajua mlango wa kubisha.

Mimi mwenyewe nilikuja na cheti cha fundi mitambo. Kiwanda kimoja, ambacho jina lake nitalihifadhi, kilikitazama kikasema hakikijui, nikapewa ufagio. Nilisoma upya jioni kwa miezi kumi na minne, mama watoto akabeba nyumba peke yake. Siku niliposhika tena maikromita nilikuwa na miaka 43. Nasema haya ili ijulikane gharama halisi haikuwa ada, kwani ada nililipiwa. Gharama ilikuwa mshahara wa mke wangu na usingizi wake.

Rai yangu

Kutokana na historia hii, natoa maoni yafuatayo, na wenye maoni mengine wayaandike mwakani.

Kwanza, mfuko wetu usilipe ada. Ada tumekwisha ilipa. Mwenye nyumba huilipa katika kodi ya majengo, mpangaji huilipa ndani ya pango lake, na kila mwenye kazi huilipa katika mshahara. Kulipa mara ya pili kwa pesa za sanda ni kumsamehe mdaiwa ambaye hajaomba msamaha.

Pili, mfuko ulipe kile ambacho sheria ziliacha kulipa tangu 1982. Nauli, petroli, mlezi wa watoto saa za jioni, na pengo la mshahara pale mtu anapopunguza zamu. Kwa kuwa fedha hizo si nyingi, tuanze na watu wawili kwa mwaka, nao wakipata kazi warudishe kidogo kidogo ili wengine wafuate. Huu ni upatu tu, na upatu hatufundishwi na mtu.

Tatu, tubishe mlango. Kaunti ya Anoka ina makamishna saba, na fedha nyingi za mafunzo ya watu wazima, hata zile zitokazo Washington, hupita katika ofisi za kaunti. Kila mwaka, kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, kaunti, mji na wilaya ya shule hufanya mkutano wa hadhara juu ya bajeti na kodi, tena jioni, ili watu wa kazi waweze kufika. Tarehe huandikwa kwenye ile barua ya kodi ambayo wengi huitupa. Tusiitupe. Waende watu sita, waulize ni wangapi wa mji wetu waliofunzwa ufundi wa viwandani mwaka uliopita, na kwa nini darasa haliko karibu na Central Avenue.

Kiwanda cha mizinga cha Fridley kimebomolewa, na mahali pake pamesimama majengo mapya yenye maghala, ambamo ndugu zetu kadhaa wanapakia mizigo. Vyuma hata hivyo havijaisha kukerezwa katika kaunti hii. Siku hizi mashine huongozwa na kompyuta, nayo yahitaji mtu anayesoma mchoro na kupima sehemu ya elfu ya inchi. Watoto wetu watasoma watakalo. Mimi naona bado kuna nafasi kwa baba zao na mama zao.

Nawatakia mwaka wa heri na afya.