Thamani ya Kilichotupwa

Tunapoadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, twapenda kukumbuka historia ya karakana moja ya Iringa. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, vijana watatu viziwi walianza kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo: kilioshwa, kikachemshwa, na nyuzinyuzi zake zikatandazwa zikauke. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Neema Crafts. Baadaye chupa zilizotupwa ziligeuzwa kuwa shanga, na mafundi wenye ulemavu wakaongezeka. Waliodhaniwa kuwa mzigo wakapokea ujira wa jasho lao. Sisi wakulima twaijua thamani ya samadi. Je, katika vyama vyetu vya msingi, twaijua pia thamani ya mikono tuliyoiacha ikae bure?