Nani Aliyeuimba? Habari za Muziki Mpya wa Kwetu Usio na Kampuni

   Fungueni madaftari yenu, lakini kalamu ziwekeni chini kwanza. Leo tutasikiliza, kisha tutaandika.

Juma lililopita nilikwenda kwenye kibanda kimoja cha hapa Chang'ombe, kile cha aina tunayoijua sote, ambako kijana hukutilia nyimbo katika memori kadi ya simu. Nikamwambia, "Nitilie muziki wa Kigogo, lakini wa siku hizi, wa vijana wa hapa hapa, ambao bado haujapata kusikika sana." Akanitilia nyimbo 40. Nilipofika nyumbani nikafungua simu nisome: Wimbo wa 1, Wimbo wa 2, Wimbo wa 3, hivyo hivyo hadi mwisho. Jina la mwimbaji hakuna, kijiji hakuna, mwaka hakuna.

Sasa, wimbo wa 17 ulinipendeza mno. Ni sauti ya mwanamke, na marimba ya mkono, na chini yake mdundo mzito uliotengenezwa kwa kompyuta. Nikauleta darasani. Mama mmoja, mwanafunzi wetu, akasikiliza akiinamisha kichwa, akasema, "Maneno ni ya kwetu, lakini mwenyewe simjui." Hakuna aliyemjua. Nikarudi kwa kijana wa kibanda; naye alikuwa kaupata kwa mwenzake, na huyo mwenzake kwa mwingine. Njia ikaishia hapo.

Hilo ndilo lililonifanya nichague somo la leo. Nataka tutazame jinsi muziki usio na kampuni ulivyowafikia wasikilizaji hapa kwetu, tangu zamani hata sasa. Nikisema muziki usio na kampuni, maana yangu ni ule ambao mtu hutunga na kuimba kwa nguvu zake, bila tajiri wa kumlipia studio wala kumtangaza. Muziki mwingi wa Ugogo ni wa namna hiyo.

Tuanze mwaka 1950. Mwaka ule alifika Tanganyika Mwingereza mmoja aliyekaa Afrika ya Kusini, jina lake Hugh Tracey. Alikuja na gari na mashine ya kunasa sauti, akapita nchini akitafuta wapigaji na waimbaji. Wagogo walikuwa miongoni mwa watu aliowanasa. Hakutafuta nyimbo za mjini tu. Alitaka pia zile zilizopigwa vijijini, chini ya mti, na watu ambao hawakuwa wamepata hata kuiona studio.

Jambo moja nataka mlishike vizuri. Kwa kila wimbo Bwana Tracey aliandika kadi. Humo aliandika wimbo ni wa lugha gani, wa kabila gani, umepigwa kwa ala gani, mahali gani, tarehe gani, na majina ya wapigaji aliyoyapata. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, na baadaye akatoa santuri 210 za nyimbo za nchi nyingi. Maktaba hiyo ipo mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Kwa kadi hizo, mtu wa leo aweza kujua mzee fulani alipiga nini miaka zaidi ya 70 iliyopita.

Lakini santuri zile zilitengenezwa kwa ajili ya vyuo na maktaba. Hazikuwekwa dukani hapa Dodoma. Mgogo aliyepiga marimba yake mbele ya mashine alibaki kijijini, na sauti yake ikaenda ng'ambo. Kenya pia ilikuwa hivyo. Mwaka ule ule wa 1950 Tracey alinasa wimbo wa wasichana wa Kipsigis uitwao "Chemirocha". Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye watu wa huko walikuwa wamemsikia katika gramafoni. Nakala ya wimbo huo ilirudishwa kwa wenyewe mwaka 2015, yaani baada ya miaka 65. Fikirini! Muziki wa Mmarekani ulifika kijijini kwao upesi, na wao wenyewe wakangoja muda wote huo wausikie wimbo wao.

Baada ya mashine ya Tracey, ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951; mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika; na mwaka 1965 likageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa upande wa Bara, mpaka ilipofika miaka ya 1990, redio hiyo ya serikali ndiyo ilikuwa mlango wa muziki mpya. Bendi au kikundi cha ngoma kilirekodi katika studio ya redio, na utepe ukabaki katika maktaba ya redio. Aliyetaka santuri alilazimika kupeleka kazi yake Nairobi ikachapwe, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 mlango huo nao ukafungwa, ukakaa hivyo hata 1983.

Kwa hiyo msikilizaji wa siku zile aliujua wimbo mpya kwa njia moja: mtangazaji alitaja jina la wimbo na jina la wapigaji, kisha wimbo ukapigwa. Kama ulikuwa jikoni ukipepeta mtama, au kama mbuzi walikuwa wanalia, jina lilikupita. Hukuwa na mahali pa kulisoma. Hata hivyo lilitajwa, na mimi naona hilo lilikuwa jema kuliko ile kadi yangu ya nyimbo 40. Huko Australia, ambako nako kuna miji midogo iliyo mbali sana na studio kubwa, redio moja ya umma ilianza mwaka 1995 kuwatafuta wanamuziki wasiojulikana wa miji hiyo na kuwataja hewani. Kumbe shida si yetu peke yetu.

Sasa tufike kwa mtu wa kwetu. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliliambia Bunge kwamba wengi wetu tumejifunza kucheza rumba na chachacha, lakini ni wachache wanaozijua ngoma zetu wenyewe. Akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni, na vikundi vya ngoma vya taifa vikafuata. Katika watu walioitwa kwenda Dar es Salaam miaka hiyo ya 1960 alikuwamo kijana wa kijiji cha Doduma, katika mkoa wetu huu huu wa Dodoma, aliyezaliwa karibu na mwaka 1940. Jina lake ni Hukwe Zawose.

Wengi mmesikia jina hilo. Hukwe alipiga ilimba, yaani marimba ya mkono ya Kigogo: sanduku la mti lenye vipande vya chuma, vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Alipiga na izeze. Tena alikuwa na sauti iliyoweza kushuka chini kama ngoma na kupanda juu kama filimbi katika wimbo ule ule mmoja. Alikaa Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na huko akawafundisha wengi. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003.

Ulaya na Japani santuri zake zilitolewa na kupendwa. Mwaka 1996 alitoa "Chibite" kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Lakini ukimwuliza kijana wa bodaboda hapa Chang'ombe leo akuimbie wimbo mmoja wa Hukwe, pengine atakutazama tu. Sisemi hivyo kumlaumu. Ataupata wapi? Muziki wa kijiji kilicho karibu nasi ulisafiri hadi London, ukawekwa jina na tarehe, na ili aununue ilimpasa Mgogo awe na fedha za kigeni.

Watoto wake hawakunyamaza. Msafiri Zawose, mwanawe, alitoa "Uhamiaji" mwaka 2017, amechanganya marimba na vyombo vya umeme. Na mwaka 2024 wanawake wawili wa ukoo huo, Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, walitoa "Maisha" kwa jina la The Zawose Queens. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo waliimba nyuma ya wanaume. Mama zangu mlio darasani, ninyi mnajua kuliko mimi kwamba muheme ni ngoma ya wanawake, nao huibana katikati ya mapaja na kuipiga hasa. Basi safari hii waliokuwa nyuma wamekaa mbele, na majina yao yameandikwa juu.

Karibu zaidi, pale Chamwino, kuna Tamasha la Muziki wa Wagogo, ambapo vikundi vya vijiji hukutana na kushindana. Mwenye kutaka kusikia kitu kipya aende huko kabla ya kwenda kibandani. Atamwona mwimbaji kwa macho yake, na akitaka kumwuliza jina, atamwuliza.

Haya, sasa shikeni kalamu. Kila mmoja achague wimbo mmoja mpya wa mtu wa karibu, asiye na kampuni: wa kwaya, wa ngoma, au wa kijana wa mtaani mwenye kompyuta. Auandikie kadi kama hii ninayoisoma. Nitasoma polepole, mara mbili.

Wimbo.
Mwimbaji na wapigaji.
Kijiji au mtaa.
Lugha.
Ala.
Tarehe niliyousikia.
Aliyenipa.

Asiyejua herufi za jina la mtu amwombe mwenyewe alitamke tena. Kadi zitakusanywa juma lijalo na mwalimu wa darasa, nazo zitabandikwa ukutani.

Yangu nimekwisha kuiandika. Wimbo: wa 17. Lugha: Kigogo. Ala: marimba ya mkono na kompyuta. Aliyenipa: kijana wa kibanda, Chang'ombe. Mahali pa mwimbaji nimepaacha wazi. Nitaupiga sasa, mwisho wa kipindi hiki. Aliye karibu na redio na akaitambua sauti ya mama huyu, ampelekee jina lake mwalimu wa darasa lililo karibu naye.