Mtoto wa Shule Mbili

Msomaji kijana, ukitoka Nairobi na kulivuka daraja la Mto Tana, utaingia mji wa Garissa, na humo utakuta mtaa uitwao Iftin. Neno hilo ni la Kisomali, na maana yake ni nuru. Ni jina lifaalo, kwa kuwa katika nchi ile watoto wengi huamka kabla ya jua kwenda kuitafuta elimu.

Historia tuliyozoea kuisoma ni ya wafalme, vita na mikataba. Leo nakuomba tutazame jambo dogo: siku moja ya mtoto katika shule ndogo ya nyikani, mbali na mji. Utaona kwamba kila saa ya siku hiyo ina sababu yake, na sababu nyingine zina umri wa zaidi ya miaka mia.

Siku yenyewe haianzii shuleni. Huanzia duksi, yaani mahali watoto wafundishwapo Kurani. Sisi watu wa pwani twapaita chuoni. Watoto huketi mchangani chini ya mgunga, kila mmoja ameshika ubao wake. Wino ni wa makaa yaliyosagwa, na kalamu ni kijiti kilichochongwa. Aya ikishahifadhiwa, ubao huoshwa, ikaandikwa nyingine.

Mapokeo ya Wasomali yasema kwamba zamani, karne nyingi kabla ya ukoloni, mwanachuoni aitwaye Sheikh Yusuf al-Kawneyn aliiona taabu waliyoipata watoto kwa irabu za Kiarabu. Basi akazipa majina ya Kisomali: ile iandikwayo juu ya herufi, ile ya chini, na ile iliyopinda. Mtoto akaivuka lugha ya kigeni kwa daraja la lugha ya mama yake. Mbinu hiyo yafuatwa hata leo. Ikumbuke, maana tutairudia.

Duksi ikiisha, mtoto hunywa chai ya maziwa, kama ngamia au mbuzi wana maziwa, kisha hushika njia. Shule ni vyumba vichache vyenye paa la bati, na kengele ni kipande cha chuma kilichotundikwa mtini. Pengine madarasa mawili hukaa chumba kimoja, nusu ikitazama ukuta huu na nusu ule, na mwalimu mmoja kati yao.

Kwa nini shule zi chache na mbali hivi? Usiwalaumu wazazi upesi. Serikali ya kikoloni iliitenga nchi ya kaskazini kwa sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902, ikaongeza nyingine mwaka 1934. Mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Sehemu nyingine za Kenya shule nyingi zilijengwa na wamisheni. Kaskazini walizuiliwa, na Serikali yenyewe haikujenga za kutosha badala yao. Uhuru ulipofika mwaka 1963, vita vya shifta vilizuka, vikaendelea mpaka mwaka 1967. Mifugo iliangamia, na watu wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Katikati ya vita hivyo, mwaka 1965, Serikali mpya ilitoa waraka wake namba 10, ulioelekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zenye rutuba na mvua, kwa matumaini kwamba faida itaenea kwingine baadaye. Hali ya hatari iliyotangazwa huko mwishoni mwa mwaka 1963 haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Basi mtoto anayekwenda kwa miguu saa nzima kuifikia shule yake huzilipa hesabu zilizopigwa kabla hajazaliwa.

Sasa tuingie darasani. Mtoto huyu aweza kutupia jicho kundi la ngamia na kujua mara moja yupi hayupo. Ana jina la ngamia mchanga, na jina la aliyekomaa, na jina la yule abebaye mizigo. Lakini kitabu mbele yake kimeandikwa Kiingereza, na nyumbani hakuna akisemaye. Kiswahili nacho amekisikia sokoni tu.

Hapa yanipasa kukiri kosa langu. Mimi nilizaliwa pwani, nikafunzwa ualimu, nikapelekwa kufundisha katika shule moja ya nyikani ambayo sitaitaja. Nilikuta darasani kipande cha ubao chenye kamba, ambacho katika shule nyingi za Kenya huitwa monto. Aliyesema lugha ya nyumbani alivikwa shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenziwe kwa kosa lilo hilo. Nilikikuta, nami nikakitumia bila kuuliza.

Adhuhuri moja ya kiangazi, mvulana wa darasa la pili aliinua mkono akasema, “Biyo.” Maana yake ni maji. Alikuwa na kiu. Nilimvika ule ubao. Wakati wa mapumziko hakucheza. Alinyemelea wenziwe apate kusikia nani atateleza. Tangu siku ile hakuinua mkono tena, si kwa kiu wala kwa swali.

Jioni moja mzee mmoja, mwalimu wa duksi, alinikuta njiani. Tukaamkiana, naye akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, wewe ulifundishwa Kurani kwa lugha gani?” Nikamjibu kwamba maelezo yote chuoni kwetu yalikuwa kwa Kiswahili. “Na Kiswahili hicho,” akasema, “kilikuzuia kujua Kiarabu?” Sikuwa na jibu. Kesho yake niliuondoa ubao ule. Tukaanza kuandika kila neno mara tatu: kwa Kisomali, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Neno la kwanza lilikuwa maji. Yule mvulana alikaa wiki nyingi kabla ya kuinua mkono.

Usidhani jambo hili ni la Kenya peke yake. Katika visiwa vya New Zealand, wenyeji waitwao Maori waliwekewa shule zao ndogo za vijijini kwa sheria ya mwaka 1867, nazo zilidumu hadi mwaka 1969. Mafunzo yalikuwa ya Kiingereza, na watoto wengi walichapwa kwa kusema Kimaori. Tarehe 14 Septemba 1972, Wamaori walipeleka Bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya 30,000 wakitaka lugha yao ifundishwe shuleni. Mwaka 1987 ikawa lugha rasmi ya nchi. Mwaka ule ule wa 1972, tarehe 21 Oktoba, Serikali ya Somalia ilitangaza kwamba Kisomali kitaandikwa kwa herufi za Kilatini. Kabla ya hapo lugha hiyo haikuwa na maandishi rasmi. Na kwetu, mtaala ulioanza kutumiwa mwaka 2019 umetenga nafasi ya lugha za nyumbani katika madarasa ya chini.

Turudi kwa mtoto wetu. Mchana hula mahindi na maharagwe, msaada ulioanza kuletwa na Shirika la Chakula Duniani mwaka 1980. Wakati wa ukame chakula hicho ndicho kinachomshika shuleni, maana jamaa zake wameshahama kufuata malisho, naye ameachwa kwa shangazi. Chakula kisipofika, madawati hubaki matupu.

Na mara nyingine akosekanaye ni mwalimu. Novemba 2014, watu 28, walimu miongoni mwao, waliuawa katika basi lililotoka Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020, walimu 3 waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, na baada yake walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa. Siwezi kumlaumu aliyeondoka, kwa kuwa uhai ni mmoja. Lakini fikiri juu ya mtoto aliyefika asubuhi akakuta ubao mweusi haujaandikwa kitu. Mahali pengine vijana waliomaliza sekondari waliingia darasani wakafundisha, ingawa hawakusomea ualimu. Shule ikabaki wazi kwa sababu yao.

Msomaji kijana, huenda nawe umepita shule kama hii, au waisoma insha hii ndani yake. Waulize wazee wa kwenu nani alijenga chumba cha kwanza, nani alifundisha, na watoto walikatazwa kusema nini. Yaandike majibu yao. Na ukija kuwa mwalimu, ukakuta kitu kimetundikwa ukutani, usikitumie kabla hujauliza kiliwekwa na nani na kwa sababu gani.