Bibi Alisoma kwa Redio

Desemba mwaka jana, ukumbini, tulipokuwa tukipakua pilau ya sherehe ya Uhuru, mtoto mmoja wa darasa la tano alimgeukia bibi yake aliyekuja kututembelea kutoka Singida. Shuleni walikuwa wamepewa kazi ya kuandika watu wa familia walisoma wapi na mpaka darasa la ngapi. "Bibi, wewe ulisoma shule gani?" Kabla bibi hajafungua mdomo, mama wa mtoto akamjibia: "Andika hakusoma."

Bibi akaweka sahani chini. "Nani kasema sikusoma? Nimesoma chini ya mwembe, na mwalimu wetu alikuwa redio."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Kicheko kile kimetukaa moyoni mwaka mzima, sisi tuliosomea uuguzi hapa Ohio tukiwa tayari watu wazima wenye watoto. Tulipotulia na kufuatilia, tuliona kwamba bibi yule alikuwa amepitia mojawapo ya majaribio makubwa kabisa ya kufundisha watu wazima kwa redio katika Afrika. Katika sikukuu hii ya Desemba 9 tunataka watoto wetu wa Hilliard, na wenzao wa Louisville na Buffalo, waijue habari hiyo.

Nchi iliyoanza na watu wazima

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wasomi walikuwa wa kuhesabika. Mwalimu Nyerere, hata katika miaka yake ya mwisho, alipenda kukumbusha kwamba tulianza na wahandisi wawili na madaktari 12, na kwamba watu 85 katika kila 100 hawakujua kusoma. Nchi ya namna hiyo ingeweza kusema: tuwape watoto shule, wazee watajifia na ujinga wao. Mwalimu alisema kinyume. Mwaka 1964, alipokuwa akieleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alieleza kwamba lazima tuanze na watu wazima, kwa sababu mtoto anayeingia darasa la kwanza leo atachukua miaka mingi kabla hajabadilisha chochote shambani au nyumbani. Mzazi wake anaweza kubadilisha mwaka huu.

Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Huko Kanda ya Ziwa, kwa msaada wa UNESCO, kulikuwa na mradi wa kisomo chenye manufaa uliojaribu vitabu vya kujifunzia kusoma vilivyohusu kazi za watu wenyewe: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba. Jibu la swali "nikijua kusoma itanifaa nini?" lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Matokeo yalipimwa kwa mitihani ya nchi nzima. Wasiojua kusoma, ambao mwaka 1967 walikuwa kama theluthi mbili ya watu wazima, walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986, kwa hesabu za serikali.

Redio, kitabu na kikundi

Lakini bibi alizungumzia redio, na habari ya redio ina ukoo wake. Mwaka 1941 nchini Kanada, ng'ambo tu ya mto Niagara kwa ndugu zetu wa Buffalo, wakulima walianza kukusanyika nyumbani kwa jirani, kusikiliza kipindi na kukijadili. Utaratibu huo ukafika India, ukafika Ghana. Tanzania iliuchukua ikaupanua kuliko wengi.

Kazi hiyo ilibebwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Dar es Salaam, pamoja na Radio Tanzania. Walianza kidogo: "Kupanga ni Kuchagua" mwaka 1969, kuhusu mpango wa pili wa maendeleo. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, wakaja na "Wakati wa Furaha", vikundi vikisoma historia ya taifa lao. Maana yake ni kwamba wazee wetu waliadhimisha Uhuru kwa kusoma, sisi tunaadhimisha kwa pilau na muziki. Pilau hatuiachi, lakini tujue tofauti.

Kisha ikaja kubwa, mwaka 1973: "Mtu ni Afya". Kwa wiki 12 kikundi cha majirani, wengi wao kati ya kumi na ishirini, kilikutana kwa saa iliyopangwa. Kwanza walisikiliza kipindi. Halafu mwongozaji, au yeyote anayejua kusoma, alisoma kwa sauti sehemu ya wiki hiyo katika kitabu: malaria, minyoo ya safura, kuhara, kichocho, kifua kikuu. Baada ya hapo redio ilizimwa, na hapo ndipo darasa lenyewe lilipoanza. Je, hapa kwetu ugonjwa huu upo? Maji yametuama wapi? Nani hana choo, na kwa nini? Kikundi hakikuondoka bila kukubaliana jambo la kufanya kabla ya wiki ijayo: kufyeka majani, kufukia dimbwi, kuchimba choo.

Walioshiriki walikuwa kadiri ya milioni mbili. Nchi haikuwa na walimu wa kuwatosha watu wote hao. Ikafundisha waongozaji wa vikundi, kama 75,000, kwa ngazi: wachache walifundishwa mikoani, wakaenda kufundisha wengine wilayani, na hao wakawafundisha waongozaji wa vijijini. Mwongozaji hakutakiwa kuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kunyamaza, na kuhakikisha kwamba mama aliyekaa nyuma naye amesema.

Waliopima kazi yao wenyewe

Kinachotushangaza zaidi, sisi ambao kazi yetu haikubali neno bila ushahidi, ni kwamba waliipima. Kitengo cha utafiti cha Taasisi, alikokuwapo mtafiti Budd Hall, kiliwauliza wanavikundi maswali kabla ya kampeni na baadaye, na katika vijiji kadhaa kilipita nyumba kwa nyumba kutazama. Hawakuridhika kuuliza "umejifunza?" Walitazama: choo kipo? Kinatumika? Uwanja umefagiliwa? Vyoo vipya vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Hall alichapisha kitabu juu ya kampeni hiyo mwaka 1978.

Katika miaka hiyo hiyo Dar es Salaam ilikuwa mahali pa kubishania namna ya kufundisha. Mwaka 1971 Paulo Freire wa Brazil, aliyekataa kabisa mawazo kwamba mwanafunzi ni debe tupu la kujazwa, alifika na kuzungumza na watu wa elimu ya watu wazima. Watafiti wa huko, akiwamo Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, walikuwa wakijaribu utafiti ambamo wanakijiji si wa kuhojiwa tu, bali wanachunguza mambo yao wenyewe. Leo utafiti shirikishi unafundishwa vyuo vikuu dunia nzima. Sehemu ya mizizi yake iko kwetu.

Tusiwadanganye watoto, hata hivyo. Si kila kikundi kilikuwa na redio, na mwenye redio hakuwa na betri kila wiki. Miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa ikihamishia watu katika vijiji vya ujamaa, mahali pengine kwa nguvu, kwa hiyo si kila choo kilichimbwa kwa sababu kikundi kilijadiliana kikakubali. Na uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, madarasa mengi yalikufa. Mtu aliyejua kusoma lakini asiye na cha kusoma akaanza kusahau. Kisomo ni kama moto wa jikoni: usipotiwa kuni unazimika.

Sanamu linalopumua

Tulipoingia chuo cha uuguzi hapa Ohio tulikutana na vyombo ambavyo bibi asingeviota. Kuna chumba chenye sanamu la mgonjwa linalopumua, lenye mapigo ya moyo, linalokoroma na hata "kufa" mbele yako ukichelewa. Mtihani wa leseni unafanywa kwa kompyuta, na tangu 1994 kompyuta hiyo huchagua swali lijalo kulingana na ulivyojibu lililopita. Siku ya kwanza tulijiona tumetoka kijijini tumefika mbinguni.

Lakini waulize wauguzi walijifunza wapi hasa. Watakuambia si wakati sanamu linakoroma. Ni baadaye, mnapokaa duara na mwalimu anauliza: mliona nini? Kwa nini ulifanya vile? Kesho utafanyaje? Mwaka 2014 baraza la kitaifa la bodi za uuguzi lilitoa utafiti wake uliofanywa katika vyuo kumi. Ulionyesha kwamba hadi nusu ya saa za mafunzo ya wodini zinaweza kufanyiwa kwenye chumba cha sanamu, na mwanafunzi akahitimu vizuri vilevile, mradi walimu wameandaliwa na mazungumzo ya baadaye yanafanywa ipasavyo. Tuliposoma hayo tukamkumbuka bibi. Redio inazimwa, watu wanaanza kuzungumza. Ni somo lile lile, limevaa nguo nyingine.

Ndiyo, ndiyo, ndiyo

Mambo haya si ya makumbusho tu. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu alitoka hospitali, ambayo hatutaitaja. Alielezwa dawa zake kupitia mkalimani wa kwenye skrini, akapewa karatasi nyingi za Kiingereza. Kila alipoulizwa kama ameelewa alisema ndiyo. Nani kati yetu, mbele ya daktari mwenye haraka, angesema hapana?

Jumapili tukaenda kumjulia hali. Hatukumuuliza kama ameelewa. Tulisema: "Mama, hebu tuonyeshe kesho asubuhi utameza nini." Akaweka mezani chupa mbili, ya zamani na mpya. Majina tofauti, dawa moja ya shinikizo la damu. Alikuwa akimeza dozi mara mbili, na ile kizunguzungu aliyodhani ni baridi ya Ohio ilikuwa hiyo. Tulipiga simu siku ile ile, ikarekebishwa.

Wauguzi tunafundishwa kumwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake au aonyeshe kwa mikono yake. Waongozaji wa 1973 walifanya hivyo chini ya mwembe. Skrini ya hospitali ilifanya kazi yake yote vizuri, isipokuwa ile ya mwisho: hakuna aliyebaki kuzungumza naye.

Kikundi chetu

Baada ya kicheko kile cha Desemba, tuliona aibu ikatutuma kazi. Tangu majira ya kuchipua tunakutana Jumapili moja kwa mwezi, nyumba kwa nyumba hapa Hilliard. Simu imechukua nafasi ya redio: tunarekodi somo la dakika kumi kwa Kiswahili, juu ya kisukari, shinikizo la damu, chanjo, au namna ya kupiga simu 911. Linasikilizwa, simu inafunikwa, tunazungumza. Ndugu zetu kutoka Kivu wana maneno yao ya magonjwa na sisi tuna yetu, kwa hiyo nusu saa ya kwanza mara nyingi ni ya kukubaliana tunazungumzia nini. Hatuoni kuwa ni hasara. Kila mmoja anaondoka na jambo moja la kufanya, na mkutano unaofuata tunaanza kwa kuulizana: ulifanya?

Watoto ndio wasomaji wetu. Mtoto anayeona haya kuzungumza Kiswahili ukumbini anakisoma kwa sauti mbele ya wazee kumi wanaomhitaji, na haya inamtoka. Wadogo zao wamekua na katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, wakijifunza hesabu kwa nyimbo za Kiswahili. Hawajui kwamba kabla ya katuni hizo palikuwa na redio, na mbele ya redio palikuwa na bibi zao.

Sisi si wengi, na mwezi wa Julai tulikuwa watu watano tu. Tunaomba kila familia itoe mtu mmoja: mzee wa kujifunza, kijana wa kusoma, au mwenye sebule ya kutukaribisha. Wenzetu wa Louisville na Buffalo wakitaka masomo tuliyorekodi, watuambie, tutawatumia. Mwongozaji hatakiwi kuwa muuguzi.

Na kwa yule mtoto wa darasa la tano, ambaye sasa yuko la sita: bibi yako amerudi Singida, lakini karatasi ile bado inaweza kusahihishwa. Mahali palipoandikwa "hakusoma", futa. Andika: alisoma mwaka 1973, wiki 12, somo la afya, pamoja na watu milioni mbili. Na mtihani wake ulikuwa kuchimba choo.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru kwenu nyote.