Kibanja na Msiba: Mabadiliko ya Desturi Bukoba na Muleba

Katika nchi ya Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, maisha ya kaya yalijengwa kwa vizazi vingi juu ya kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba, ambamo migomba, mibuni na maharage hupandwa pamoja na udongo hurutubishwa kwa samadi na kwa nyasi zinazokatwa katika rweya, ambayo ni mbuga ya wazi iliyo nje ya makazi. Kwa kuwa marehemu wa ukoo walizikwa humohumo, kibanja kilihesabiwa kuwa amana ya ukoo, iliyorithiwa hasa kwa upande wa wanaume, na hata katika kata za Manispaa ya Bukoba kama Nshambya, ambako mji umekutana na migomba, historia ya makazi haiwezi kuelezwa bila kukitaja.

Mpangilio huo ulitikiswa na UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, miaka minne tu baada ya vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin. Wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizoingizwa kutoka Uganda, na utafiti wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba takriban asilimia 24 ya watu wazima wa Bukoba mjini walikuwa na virusi. Waliofariki walikuwa hasa watu wenye nguvu za kufanya kazi, kwa hiyo kaya ilimpoteza mpendwa wake na papo hapo ikapoteza mikono ya kupogoa migomba na kukata nyasi, huku siku nyingi zikienda katika uuguzi na matanga.

Jamii ilijibu kwa kurekebisha desturi zake yenyewe. Siku za matanga, ambazo zamani zilisimamisha kazi za shamba, zilipunguzwa ili majirani warudi vibanjani mapema, na vikundi vya kuzikana, ambavyo baadhi yake huitwa bujuni, yaani msaada, vilikuwa na utaratibu wa michango ya fedha na chakula pamoja na zamu za kazi, ili familia iliyofiwa isilazimike kuuza ardhi kwa ajili ya mazishi.

Ardhi yenyewe iliibua swali gumu zaidi, kwa sababu sheria ya kimila iliwazuia wanawake kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililotokana na mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kizuizi hicho kilikiuka Katiba. Na ingawa hukumu peke yake haikuigeuza mila vijijini, ilitolewa katika miaka ambayo wajane wengi walikuwa wakizibeba kaya peke yao.

Uwezo huo wa kujirekebisha haupaswi kusifiwa bila kutaja gharama yake, kwani mzigo mkubwa uliwaangukia mabibi waliolea wajukuu katika umri ambao wao wenyewe walistahili kutunzwa. Huko Nshamba, wilayani Muleba, jambo hilo lilitambuliwa na shirika la Kwa Wazee, lililoanza mwaka 2003 kuwapa wazee fedha kidogo kila mwezi, na hivyo kuungana na juhudi ambazo ukoo na ujirani pekee visingeweza kuzikamilisha.

Maambukizi yalipungua Bukoba mjini hadi takriban asilimia 13 mwaka 1996, lakini majaribu hayakukoma. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uliothibitishwa Kagera mwaka 2006, uliwalazimu wakulima kukata maua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga na kung'oa mashina yaliyougua, na tetemeko la Septemba 10, 2016 lilibomoa nyumba nyingi na kuua watu wasiopungua 17. Historia hii inafundisha kwamba mila ya Wahaya ilidumu kwa sababu wenyewe walithubutu kuibadili palipohitajika, na kwamba dola na mashirika hutimiza wajibu wao pale yanapoanzia kwenye vikundi ambavyo wananchi wameshaviunda, bila kuugeuza uvumilivu wao kuwa kisingizio cha kuwaacha peke yao.