Samaki wa Kalokol na fedha za Norway

Kila panapozungumzwa misaada iliyopotea bure barani Afrika, Kalokol, mji mdogo kando ya Ziwa Turkana kaskazini magharibi mwa Kenya, hutajwa. Kisa chake husimuliwa kwa maneno machache: Wazungu wa Norway waliwajengea Waturkana kiwanda cha kugandisha samaki kando ya ziwa, Waturkana ni wafugaji wa kuhamahama, hawavui wala hawali samaki, kiwanda kikafanya kazi siku chache, kikafungwa. Dola milioni 22, ndiyo gharama inayotajwa mara nyingi, zikapotelea jangwani. Wasikilizaji hutikisa vichwa, na mazungumzo huhamia nchi nyingine.

Kuhusu kiwanda, kisa hicho ni cha kweli. Kuhusu watu, si cha kweli. Waturkana wa kandokando ya ziwa walikuwa wakivua kabla mjumbe yeyote wa Norway hajafika Lodwar, mji mkuu wa wilaya ya Turkana, na wakati mitambo ya barafu ilipokuwa ikifungwa, maelfu yao tayari waliishi kwa samaki. Anayekubali kwamba tatizo lilikuwa mfugaji asiyependa samaki amewasamehe wote walioshika kalamu na ramani, akambebesha lawama mtu ambaye hakuulizwa. Jambo hili linaniudhi, kwa sababu maelezo ya namna hiyo hutolewa kila mradi unapoanguka vijijini: wenyeji hawakuelewa, wenyeji hawakuwa tayari. Historia ya Kalokol inaonyesha wenyeji walioelewa vizuri sana.

Tuanze na ziwa lenyewe. Maji yake, karibu asilimia 90, hutoka Ethiopia kupitia mto Omo. Hayana pa kutokea ila kwa kuvukizwa na jua, na kwa hiyo yana magadi. Ziwa hujaa na kushuka kulingana na mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Upande wa magharibi, karibu na Kalokol, kuna Ghuba ya Ferguson, maji ya kina kifupi yaliyokingwa na ulimi wa mchanga unaoitwa Longech. Humo ndimo tilapia, ambaye watu wa Kisumu humwita ngege, hupenda kuzaana. Watu wa pwani hiyo walimvua kwa matenga yasiyo na kitako: mvuvi huingia majini, humfunika samaki kwa tenga, kisha huingiza mkono kwa juu na kumtoa. Kwenye maji ya kina walitumia magogo ya mikoma yaliyofungwa pamoja. Ulikuwa uvuvi wa watu wasio na mifugo mingi, au waliopoteza mifugo yao kwa ukame au kwa wavamizi. Kisha mbuzi walipoongezeka, mtu alirudi malishoni. Ziwa lilikuwa mahali pa kujishikiza.

Serikali ya kikoloni iliikuta Turkana na kuitendea kama uwanja wa vita. Msafara wa kijeshi wa Labur wa mwaka 1918, na mingine kabla yake, iliwanyang'anya watu mifugo kwa wingi kiasi kwamba baadhi ya koo zilichukua muda mrefu sana kujijenga upya. Baadaye wilaya ilifungwa. Mtu wa nje alihitaji kibali kuingia. Wakoloni waliiona kuwa mbali vya kutosha kumficha Jomo Kenyatta, kwanza Lokitaung, kisha Lodwar. Shule na hospitali zilikuwa za kuhesabika. Ukame wa mwaka 1960 na 1961 ulipoangamiza mifugo, watu walikusanywa kwenye kambi za njaa na kugawiwa posho. Idara ya uvuvi ikaona nafasi: badala ya kuwalisha bure, wapewe nyavu na wapelekwe ghubani. Bwana Samaki, kama maofisa wa idara hiyo walivyoitwa, akaanza kuwafundisha waliofilisika kutumia nyavu za kisasa na kukausha samaki kwa ajili ya soko.

Wakati huohuo mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 zilijaza maziwa ya Afrika Mashariki, Turkana likiwamo. Miaka ya 1940 na 1950 maji yalikuwa yameshuka sana. Sasa yalipanda, ghuba ikajaa, na tilapia wakafurika. Mpango wa kuwafanya wafugaji kuwa wavuvi ulizaliwa katika miaka mizuri, na kila hesabu iliyofuata ilichukulia kwamba miaka hiyo ndiyo hali ya kawaida ya ziwa.

Norway iliingia mwaka 1971 kupitia shirika lake la misaada, Norad. Sababu zake hazikuwa mbaya. Ilikuwa nchi ya wavuvi, haikuwa na makoloni Afrika, na iliamini kwamba ilichojua kuhusu samaki kingemfaa maskini. Ilileta boti, nyavu, mafundi na washauri wa chama cha ushirika cha wavuvi. Uingereza nayo iligharamia utafiti mkubwa wa ziwa kati ya mwaka 1972 na 1975, ukiongozwa na A. J. Hopson, ingawa ripoti yake kamili ilichapishwa mwaka 1982, wakati mengi yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Mavuno yalikuwa ya kushangaza. Mwaka 1976 yalikaribia tani 17,000, sehemu kubwa ikiwa tilapia wa ghuba.

Tazama jinsi samaki huyo alivyofika sokoni, kwa maana hapa ndipo kuna jibu la kisa kizima. Samaki alipasuliwa mgongoni, akafunguliwa bapa, akapakwa chumvi na kuanikwa juani. Jua la Turkana ni kali, upepo haukatiki, na nyuzijoto 35 za mchana ni jambo la kawaida. Katika siku chache samaki alikuwa mkavu, mwepisi, wa kufungwa kwenye mafurushi na kupakiwa juu ya lori. Hakuhitaji umeme wala barafu. Aliweza kungoja lori lililoharibika njiani. Alisafiri hadi Kitale na Kisumu, na wachuuzi wakamvusha mpaka kumpeleka hata Zaire, ambako walaji walimjua na kumpenda. Gharama ya kumtayarisha ilikuwa chumvi na kazi ya mikono, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na wanawake.

Na fedha ziliendaje? Watafiti waliokaa na wavuvi wa ghuba waliona jambo ambalo halikuwamo katika mipango: mvuvi aliyepata faida alinunua mbuzi. Aliwaweka kwa ndugu au rafiki aliyebaki malishoni, kwa ule utaratibu wa kukopeshana na kutunziana mifugo ambao mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alikuwa ameueleza katika kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu mifugo ya Waturkana na Wajie. Familia moja ilikuwa na kijana ziwani, kaka malishoni, na mama anayeuza samaki. Mvua zikija, mmoja hurudi. Zikikatika, mwingine hushuka ziwani. Kwa wapangaji huu ulionekana ukaidi: tumewapa kazi ya kisasa, mbona wanakimbilia mbuzi? Kwa mwenye kuishi pale ilikuwa akili ya kawaida kabisa, kwani alijua kwamba ziwa nalo hufilisi. Wazee wa Kalokol walikuwa wameiona ghuba kabla haijajaa.

Kiwanda kilibuniwa bila kuzingatia hayo. Wazo lilikuwa kuacha samaki mkavu wa bei ndogo na kuuza minofu iliyogandishwa, ya tilapia na ya sangara, katika miji mikubwa na nchi za nje. Kwenye karatasi thamani ya kilo moja iliongezeka. Lakini kugandisha samaki kwenye joto lile kulihitaji umeme mwingi kuliko wilaya nzima ilivyokuwa nao, kwa hiyo jenereta na mafuta ya dizeli yaliyosafirishwa kutoka mbali. Kulihitaji maji safi kwa wingi, kando ya ziwa la magadi. Kulihitaji magari ya baridi kwa safari ya zaidi ya kilomita 700 hadi Nairobi, na dereva asiyeharibikiwa. Jengo lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mitambo ikawashwa, hesabu zikafanywa, na ikaonekana kwamba gharama ya kugandisha ilizidi bei ya samaki mwenyewe. Ikazimwa. Jengo likaja kutumiwa kama ghala la samaki wakavu, wale wale waliokuwepo tangu mwanzo.

Kisa kingeweza kuishia hapo, kama hasara ya fedha za Norway tu. Lakini kati ya mwaka 1979 na 1981 ukame, magonjwa ya mapafu ya ng'ombe na mbuzi, na uvamizi wa mifugo viliikumba Turkana kwa pamoja. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikaenea katika mipaka ya wafugaji. Makumi ya maelfu ya watu waliingia kambi za njaa zilizoendeshwa kwa fedha za Jumuiya ya Ulaya na wafadhili wengine. Wengi walielekezwa ziwani, au walikwenda wenyewe kwa kuwa huko kulikuwa na nyavu na barabara. Wakati huohuo maji yalianza kushuka. Katika miaka ya 1980 Ghuba ya Ferguson ilikauka. Mavuno yaliyokuwa tani 17,000 yakaporomoka vibaya. Mtafiti wa Norway Jeppe Kolding, aliyewachunguza tilapia wa ghuba hiyo, alionyesha kwamba kupanda na kushuka kwa maji kulieleza sehemu kubwa ya neema na ya anguko pia. Aliyeumia zaidi ni yule aliyeamini wataalamu kikamilifu, akaacha mifugo yote akawa mvuvi tu. Aliyeweka mbuzi wake kwa ndugu alikuwa na pa kurudi.

Sitaki kuwatendea Wanorway yale waliyotendewa Waturkana, nikawafupisha kwa kosa moja. Barabara ya lami kutoka upande wa Kitale hadi Lodwar na ziwani, waliyoigharamia, iliibadilisha wilaya kuliko mradi mwingine wowote. Bila hiyo soko la samaki mkavu lisingekua. Na katika mradi wao wa maendeleo ya vijijini walikuwepo watu waliojifunza. Edmund Barrow, aliyefanya kazi ya misitu huko katika miaka ya 1980, alikuta kwamba miti ya kandokando ya mto Turkwel, ambayo maofisa waliiona kuwa mali ya serikali au isiyo na mwenyewe, ilikuwa na wenyewe kabisa. Kila familia ilikuwa na ekwar, sehemu yake ya migunga ya mtoni, ambayo mbuzi wake walilishwa maganda yaliyoanguka wakati wa kiangazi. Haki hiyo ilirithiwa na kuheshimiwa. Aliandika juu yake, na kazi ya misitu ikaanza kuwashirikisha wazee wenye miti hiyo. Ilichukua mtu mmoja kuuliza miti ni ya nani.

Wala si Wanorway peke yao waliokosea. Mashamba ya umwagiliaji ya Katilu, huko huko Turkana, yaliyosimamiwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, yalipitia njia ileile ya kiwanda: gharama kubwa kwa kila ekari, mitaro iliyojaa mchanga, na wakulima waliotumia mavuno kununua mbuzi.

Mwisho wa Norad haukutokana na samaki. Koigi wa Wamwere, mpinzani wa serikali ya Rais Moi, alikuwa ameishi Norway kama mkimbizi wa kisiasa. Mwaka 1990 alikamatwa akashtakiwa kwa uhaini. Norway ilipolalamika, Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi mwezi Oktoba mwaka huohuo. Misaada ikakatika kwa ghafla. Ofisi zilifungwa, mishahara ikasimama, na miradi ambayo ilikuwa imeanza kusikiliza watu ikafa pamoja na ile isiyosikiliza. Wilaya iliyokuwa imeegemezwa kwa mfadhili mmoja iligundua kwamba uhai wake uliamuliwa katika ugomvi wa miji mikuu miwili, na hakuna mtu wa Kalokol aliyehusika.

Wafadhili wengine walikuwa njiani. Huko huko Turkana, Lokichoggio iligeuka uwanja mkubwa wa ndege za misaada ya Sudan kuanzia mwaka 1989, na Kakuma ikapokea wakimbizi kuanzia mwaka 1992. Kwa Waturkana wenyewe, badiliko nililoliona la maana zaidi lilikuja mwaka 2009, ulipoanza mpango wa kugawa fedha taslimu katika maeneo ya kaskazini ambayo leo ni kaunti nne, kwa msaada wa Uingereza. Kiasi cha mwanzo kilikuwa shilingi 2,150 kila miezi miwili, fedha ndogo sana. Lakini hakuna ofisa aliyeamua kabla kwamba mpokeaji awe mvuvi au mkulima. Mama alilipa deni la duka, akanunua unga, akalipa ada, na palipobaki kitu, pakapatikana mbuzi.

Ziwa nalo limeendelea na tabia yake. Bwawa la Gibe III kwenye mto Omo lilianza kuzalisha umeme mwaka 2015, na wengi wakahofu, kwa haki, kwamba maji yangepungua. Miaka michache baadaye mvua kubwa ziliyapandisha hadi yakafunika vijiji vya ufukweni na kuwahamisha watu. Satelaiti zimekuwa zikipima kimo cha ziwa tangu mwaka 1992, na vipimo hivyo viko wazi kwa yeyote. Kwa hiyo mipango mipya ya samaki inayopelekwa Kalokol sasa, ya maghala, ya vyumba vya baridi vinavyotumia jua, ya boti, haina kisingizio walichokuwa nacho wapangaji wa mwaka 1971. Michoro ya kimo cha maji ipo. Wanawake wanaoanika samaki wapo palepale, na wanajua kilo moja ya samaki mkavu inauzwa bei gani Kitale wiki hii.